Koki Inayopiga Simu



Katika somo la leo tutazungumza juu ya maji. Hatutazungumza juu ya kuchemsha maji wala juu ya kuchimba vyoo. Hayo tumekwisha kuyasoma mara nyingi. Leo tutazungumza juu ya pampu na koki ambazo zinapeleka habari zenyewe. Ndiyo, zenyewe, bila mtu kupanda baiskeli kwenda wilayani.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, endelea mbele kidogo, maana mara nyingi maelezo yake yanafuata. Kama mnasoma kwa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa macho.

Sisi watu wa Singida tunajua shida ya maji. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na Aprili zimekwisha. Kuanzia Mei upepo unavuma na mito inakauka. Ifikapo Septemba akina mama wanafukua mchanga wa mto ili wapate ndoo moja ya maji ya tope. Mwenye punda anafunga madumu na kwenda mbali. Asiye na punda anabeba kichwani. Kwa hiyo pampu ya kijiji ikiharibika mwezi wa tisa, hilo si jambo dogo. Mtoto anakosa shule kwa sababu ametumwa maji. Mama aliyejifungua juzi anakosa maji ya kuoga. Ugomvi unaanza kisimani.

Mwaka 1971 serikali yetu ilipanga kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji awe na maji karibu na nyumbani. Mwaka 1991 ulifika, na wengi walikuwa bado wana ndoo kichwani. Visima vilichimbwa. Mabomba yalilazwa. Lakini mengi yaliharibika, na hapakuwa na vipuri wala fundi wa kuyatengeneza upesi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikasema kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400 kukifikia. Sasa fikiri: kituo kipo mita 200 kutoka kwako, lakini kimekufa tangu mwezi jana. Je, wewe una maji? Katika karatasi unayo. Katika mtungi huna.

Basi, tatizo la kujua mapema ndilo lililoleta mitambo tutakayoisoma leo.

KIHISI NI KITU GANI?

Neno "kihisi" linatokana na kuhisi. Kihisi ni kifaa kidogo kinachohisi jambo moja tu. Kipo kinachohisi joto. Kipo kinachohisi unyevu wa udongo. Kipo kinachohisi mtikisiko, na kipo kinachohisi maji yanayopita ndani ya bomba. Kihisi hakielewi. Kinahisi tu, kisha kinatoa namba.

Mfikirie kijana anayelinda shamba la mtama wakati wa ndege waharibifu. Macho yake yanawaona ndege. Kichwa chake kinasema, "Hawa ni wengi, wataharibu." Mdomo wake unapiga kelele ili walio nyumbani wasikie. Mtambo unaotuma habari unazo sehemu hizo hizo tatu. Kihisi ndicho macho. Kompyuta ndogo sana, pengine ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, ndiyo kichwa. Na laini ya simu, kama ile iliyomo katika simu yako, ndiyo mdomo. Mtambo unahitaji chakula pia, nao hula betri au umeme wa jua.

Habari ikitoka katika laini ya simu inakwenda kwenye mnara. Kutoka mnarani inaingia katika intaneti. Intaneti ni njia kubwa inayounganisha kompyuta na simu za dunia nzima. Lile bando mnalonunua dukani ni kama nauli ya kusafiria katika njia hiyo. Zamani waliosafiri humo walikuwa watu tu: barua zao, picha zao, na fedha zao. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Siku hizi vitu navyo vinasafirisha habari zake katika njia hiyo hiyo. Pampu inaandika. Koki inaandika. Taa ya sola inaandika.

PAMPU ZA KITUI

Twende Kenya, katika nchi ya Kitui. Nchi ile inafanana na yetu: mvua chache, mifugo, na akina mama wanaofukua mchanga wa mito. Huko kuna visima virefu vyenye pampu za mkono. Mwaka 2013, katika eneo la Kyuso, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza walijaribu jambo jipya. Walifunga kifaa kidogo ndani ya mkono wa pampu, pale mnaposhika kusukuma. Kifaa kile kilikuwa na kihisi cha mwendo. Mkono ukipanda na kushuka, kinahesabu. Kisha kinatuma namba hizo kwa ujumbe mfupi wa simu, kama zile meseji tunazotumiana sisi.

Hebu tuone jinsi hesabu hiyo inavyosaidia. Tuseme pampu fulani kila asubuhi inasukumwa mara 900 au 1,000. Leo imesukumwa mara 400. Kesho mara 30. Keshokutwa haikusukumwa kabisa. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeandika barua, lakini fundi amekwisha jua kwamba pale kuna jambo. Ukimya wa pampu nao ni habari.

Lakini angalieni, mtambo unaweza kudanganyika. Mvua ikinyesha, watu wanakinga maji ya bati au wanachota kwenye dimbwi lililo karibu. Pampu inanyamaza na wala si mbovu. Basi fundi mwenye akili hapandi pikipiki mara moja. Anampigia kwanza mtu anayeangalia pampu ile na kumwuliza, "Habari za huko? Maji yanatoka?" Kihisi hakiondoi haja ya kuulizana.

Katika jaribio lile la Kyuso walifunga vifaa kwenye pampu zipatazo 66. Kabla ya hapo, pampu ikiharibika ilikaa kwa wastani siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya vifaa kufungwa, wastani ulishuka ukawa chini ya siku 3.

Tusimame hapa kidogo tuangalie neno "wastani," maana mtalikuta mara nyingi katika magazeti. Tuseme pampu tatu ziliharibika. Ya kwanza ilikaa siku 10, ya pili siku 20, ya tatu siku 51. Jumlisha: 10 + 20 + 51 = 81. Gawanya kwa 3, maana pampu ni tatu. Unapata 27. Huo ndio wastani. Wastani wa siku 27 hausemi kwamba kila pampu ilikaa siku 27. Wapo waliongoja siku 10, na wapo waliongoja siku 51. Ukisikia mtu anataja wastani mkutanini, mwulize na aliyengoja zaidi alingoja siku ngapi.

Sasa swali muhimu. Ni nini kilichotengeneza pampu za Kyuso? Wengine watajibu, "Kihisi." Hapana. Kihisi hakina spana. Kilichotengeneza pampu ni fundi mwenye pikipiki, mwenye vipuri, na mwenye mtu wa kumlipa. Kihisi kilimwambia tu aende wapi. Baada ya jaribio hilo ilianzishwa kampuni ya matengenezo iitwayo FundiFix, ambayo ilifanya kazi Kitui na pia Kwale, kule pwani. Wanakijiji wanachangia fedha, na fundi anaahidi kutengeneza upesi. Mimi naona hapo ndipo penye somo lote. Mtambo wa kutoa habari bila fundi wa kuzifanyia kazi ni kama ng'ombe anayelia zizini usiku na mwenye zizi amesafiri.

KOKI YA MALIPO YA KABLA

Turudi nyumbani. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini Tanzania yanasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Katika kijiji, mradi unaendeshwa na chombo cha watumia maji ambacho wanakijiji wenyewe wanakichagua. Katika vijiji kadhaa vya nchi yetu, RUWASA na wadau wake wamefunga koki za aina mpya. Huwa zinaitwa dira za malipo ya kabla. Maana yake unalipa kwanza, kisha unachota.

Inafanya kazi hivi. Kila nyumba inapewa kitufe au kadi ndogo yenye chipu ndani. Unaweka fedha katika kitufe kwa wakala wa kijiji au kwa simu. Ukifika kwenye koki unagusisha kitufe mahali palipoonyeshwa. Koki inafunguka. Maji yakipita yanazungusha gurudumu dogo lililo ndani ya dira. Gurudumu lina sumaku, na kila likizunguka kihisi kinahesabu. Ukiondoa kitufe, maji yanasimama. Kitufe kimekatwa fedha za maji uliyochota, si zaidi.

Halafu koki inapiga simu. Haipigi kwa sauti, inatuma namba: leo nimetoa lita kadhaa, betri yangu ina nguvu kiasi hiki. Katibu wa chombo cha maji anaweza kuona katika simu yake. Mtaalamu wa wilaya naye anaona. Kama mtandao haupo, kama inavyotokea mara nyingi katika vijiji vilivyo mabondeni, koki nyingi za aina hii huendelea kutoa maji na kuandika katika kumbukumbu yake. Mtandao ukirudi, inatuma yote kwa pamoja.

Tufanye hesabu. Bei zinatofautiana kutoka mradi hadi mradi, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu. Tuseme ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Umeweka shilingi 2,000 katika kitufe. Umepata ndoo ngapi? Gawanya 2,000 kwa 50. Jibu ni ndoo 40. Kama nyumba yako inatumia ndoo 5 kwa siku, fedha hiyo itakwisha baada ya siku 8.

Wakati mwingine mtaalamu hasemi ndoo, anasema "uniti." Usiogope. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Gawanya 1,000 kwa 20, unapata ndoo 50. Kwa hiyo ndoo ikiwa shilingi 50, uniti ni shilingi 2,500. Ukiambiwa katika mkutano kwamba bei ya uniti ni shilingi 2,500, sasa unajua yeye anasema nini, na unaweza kumjibu.

Sasa hesabu kubwa zaidi. Hii ndiyo nawaomba muifanye kwa kalamu, msiifanye kichwani. Tuseme kisima chetu nacho kimefungwa dira pale maji yanapotoka kwenda tangini. Siku moja dira hiyo inasema zimetoka lita 20,000. Koki zote za kijiji, zikijumlishwa, zinasema zimetoa lita 14,000. Tangi usiku lina maji kiasi kile kile lililokuwa nacho asubuhi. Lita 6,000 zimekwenda wapi?

Ama bomba limepasuka mahali chini ya ardhi. Ama mtu amejiunganishia bomba kwa siri na anamwagilia vitunguu vyake. Ama dira moja inahesabu vibaya. Hatujui bado. Lakini tunajua kwamba lita 6,000 ni ndoo 300, na ndoo 300 kwa shilingi 50 ni shilingi 15,000. Hiyo ni siku moja. Kwa siku 30 ni shilingi 450,000. Fedha hiyo ingenunua vipuri. Zamani upotevu kama huu uligunduliwa tangi lilipokauka, na hapo kila mtu alimshuku mwenzake. Sasa unaonekana jioni ile ile, ikiwa yupo mtu wa kusoma namba.

Na namba hizo zisisomwe na katibu peke yake. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukutana kila miezi mitatu, na wanakijiji wana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Mwombeni katibu aandike ubaoni mambo mawili: lita zilizotoka na fedha zilizoingia. Mwanakisomo anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kuhakikisha kama namba hizo zinakubaliana. Hapo ndipo kusoma kwetu kunapopata kazi.

MASWALI YA DARASANI

Nilipofundisha somo hili katika darasa moja la jioni, kwenye kijiji ambacho kilikuwa kinaletewa koki za namna hii, maswali yalikuwa makali kuliko niliyotegemea. Mama mmoja aliinua kitufe chake akasema, "Mwalimu, hiki kikianguka mtoni, maji yangu yamekwenda?"

Nikamjibu kwamba kwa kawaida kila kitufe kina namba yake, na hesabu yake imeandikwa pia katika kompyuta. Ukikipoteza, toa taarifa mapema kwa wakala ili kizuiwe, kisha upewe kingine chenye fedha zilizobaki. Lakini nikamshauri aulize mwenyewe pale anapoandikishwa: kitufe kipya ni shilingi ngapi, na fedha zilizobaki zinahamishwa au hazihamishwi? Na aandike namba ya kitufe chake katika daftari. Sote tukaandika.

Mzee mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa na mama mlinzi wa bomba. Ukikosa hela alikuwa anakwambia, chota baba, utaleta kesho. Hii mashine inakopesha?"

"Haikopeshi, mzee wangu."

"Basi imekuja na uchoyo."

Darasa likacheka, lakini mzee hakucheka. Na kweli, jambo lake ni zito. Mashine haimjui bibi anayeishi peke yake na wajukuu watatu. Haijui kwamba alizeti bado haijauzwa na fedha itapatikana mwezi ujao. Koki ikifungwa, bibi yule atarudi mtoni kufukua mchanga, na maji ya mchangani yanaweza kuleta kuhara. Tukajadili nusu saa. Mwishoni wanadarasa wakakubaliana wapeleke hoja kwenye chombo cha maji: kiwepo kitufe cha jamii, kijazwe fedha kidogo kila mwezi kutoka katika mapato, na majina ya watakaokitumia yapitishwe na mkutano wa kitongoji. Mimi naliona ni wazo zuri kuliko mengi yanayotoka katika semina zetu.

Mlinzi wa bomba naye asisahauliwe. Yule mama alikuwa anapata posho kidogo. Mashine imechukua kazi yake ya kupokea fedha. Kijiji kingine kinaweza kumpa kazi ya wakala wa kuweka fedha katika vitufe, au ya kufagia na kulinda kituo, maana koki inayopiga simu haiwezi kumfukuza mbuzi.

LUKU NA SOLA

Wengi mna umeme wa LUKU. Jina hilo ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Watu wanadhani LUKU ya kawaida imeunganishwa na intaneti. Sivyo. Unalipa kwa simu, unapata namba zenye tarakimu 20, kisha wewe mwenyewe unazibonyeza katika mita. Wewe ndiye mjumbe. Mita yenyewe haijui kuzungumza na TANESCO.

Mnakumbuka mwaka 2024? Ukinunua umeme ulipata makundi matatu ya namba badala ya moja. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ya kuiboresha mita, na la tatu ndilo la umeme. Wengi walidhani wameibiwa. Sababu ilikuwa hii. Namba za mita za aina hii, hapa na katika nchi nyingi duniani, zina alama ya wakati. Wakati huo unahesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyowekwa ya kuandika dakika ilitosha dakika 16,777,216 tu. Ni kama daftari lenye kurasa zilizohesabiwa. Daftari hilo lilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo kila mita ilipaswa kufunguliwa daftari jipya, na kwa kuwa mita hazisikii kutoka mbali, kila mwenye nyumba alifanya kazi hiyo kwa kidole chake. Mita zinazotuma na kupokea habari, ambazo watu wanaziita mita janja, zinaweza kufanyiwa kazi kama hiyo kutoka ofisini.

Taa za sola za mkopo ni mfano wa pili. Huko Kenya kampuni ya M-KOPA ilianza kuziuza mwaka 2012, na kampuni nyingine zimeuza za namna hiyo katika Afrika Mashariki yote. Unalipa kidogo kidogo kwa simu. Katika nyingi kati ya hizo, ndani ya kisanduku kuna laini ya simu. Ukichelewa kulipa, kisanduku kinapokea amri na taa zinazimika. Mdai wako hahitaji kuja kugonga mlango. Anakuzimia taa akiwa mjini. Si vibaya kukopa, lakini kabla ya kutia sahihi jumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho. Ndipo utajua taa ile ni ya shilingi ngapi kweli.

Na hereni za ng'ombe? Wafugaji wameniuliza sana. Hereni ya kielektroniki inabeba namba ya ng'ombe, lakini haitumi habari yenyewe. Lazima mtu aikaribie na chombo cha kuisoma. Ng'ombe wako akiibiwa usiku, hereni hiyo haitakuambia yuko wapi. Itasaidia kumtambua akikamatwa mnadani.

MAMBO AMBAYO KOKI HAIJUI

Dira ya koki inahesabu wingi wa maji. Haijui kama maji ni salama. Hapa kwetu Singida visima vingine vina madini ya floridi kwa wingi. Meno ya watoto yanapata rangi ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi yanaumiza mifupa. Floridi haionekani, wala haina ladha ya kukustua. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yapelekwe maabara ya maji yakapimwe, na majibu yasomwe mkutanini. Msikubali kuambiwa kwamba maji ni mazuri kwa sababu mtambo ni mpya.

Jambo jingine ni siri za nyumba yako. Koki inajua unachota saa ngapi na siku gani hukuchota. Anayesoma namba hizo anaweza kujua kwamba umesafiri. Habari hizo ni zako. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Anayechukua habari zako anapaswa kukuambia anazitumia kwa kazi gani, na una haki ya kudai makosa yarekebishwe.

Wezi nao wamejifunza. Unaweza kupigiwa simu: "Mimi ni wa maji, kitufe chako kimefungwa, nitumie namba yako ya siri." Usitume. Mtu wa maji hana kazi na namba yako ya siri. Namba ya kutoa taarifa za matapeli wa simu ni 15040.

Mwisho kabisa, mtambo wenyewe utaharibika siku moja, maana una betri, una waya, na kuna panya. Siku hiyo kisima kizima na pampu nzima vitakuwepo, lakini koki imefungwa kwa sababu kichwa chake kimekufa. Kabla kijiji hakijakubali mkataba, ulizeni: ufunguo wa kupitisha maji bila mashine upo, na atakaa nao nani? Fundi aliye karibu yuko wapi, na ameahidi kufika baada ya siku ngapi? Kampuni ikiondoka, namba zetu na fedha zilizomo katika vitufe zitakuwa za nani? Majibu yaandikwe. Maneno ya mdomo yanapeperuka, na upepo wa Singida mnaujua.

KAZI YA KIKUNDI

1. Nyumba ya mama mmoja inatumia ndoo 6 kwa siku. Ndoo ni shilingi 40. Atahitaji shilingi ngapi kwa siku 30?

2. Dira ya kisima inasema lita 15,000. Koki zote zinasema lita 12,500. Tangi halikuongezeka wala kupungua. Ni ndoo ngapi za lita 20 hazijulikani zilipo? Andikeni sababu tatu zinazoweza kuwa.

3. Pampu ya kijiji chenu ilipoharibika mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi? Ni nani aliyejua kwanza, na alimwambia nani?

4. Katika kijiji chenu, ni nani asiyeweza kulipa kabla ya kuchota? Kikundi kinapendekeza nini?

5. Aliyeandika vizuri apeleke nakala ya majibu ya swali la 3 na la 4 kwa katibu wa chombo cha maji kabla ya mkutano ujao.